Maji yakigeuka kijani: namna ya kukinga membrani ya filtri isizibe

Ndugu wafugaji na wakulima wa koperative za Mushaki na vilima vyote vya juu ya Sake,

Kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane munakijua. Mabwawa ya kunyweshea ngombe yanapungua, vijito vidogo vinakauka, na yale maji yanayobaki yanageuka kijani. Katika miezi hii njo filtri nyingi zinakufa. Familia ama chumba cha kutengenezea fromaji kimepata filtri ya membrani, wiki za kwanza maji yanakimbia vizuri, kisha yanaanza kutoka tone kwa tone. Watu wanachoka kungojea. Filtri inawekwa juu ya kabati, na nyumba inarudia kunywa maji ya bwawa, katika jimbo ambamo kolera haijatuaga. Kupata filtri ingine nako si jambo la kesho: inatoka Goma, na barabara ikikatika kwa vita ama kwa matope, haifiki.

Wengi wanafikiri kinachoziba filtri ni udongo. Udongo unachangia, lakini si adui mkubwa. Adui mkubwa ni uteute wa alge, ile mimea midogo sana inayofanya maji yawe kijani. Na kazi ya kuushinda inafanyika zaidi kabla maji hayajagusa filtri.

Ndani ya filtri kuna nini

Filtri ya aina hii ndani yake iko na nyuzi nyeupe nyingi kama makaroni membamba, kila moja na uwazi katikati. Ukuta wa ule uzi njo membrani. Uko na matundu ambayo jicho haliwezi kuona: kwa filtri zingine tundu ni mikroni 0.1, kwa zingine ni 0.02. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mutu una unene wa karibu mikroni 70, na kijidudu cha kolera kina upana wa karibu nusu mikroni. Maji yanapita, kijidudu kinabaki nje.

Alge ni kubwa kuliko kijidudu cha kolera. Aina moja inayosumbua sana maziwa ya Afrika ya Mashariki, Microcystis, kila seli yake ina mikroni 3 mpaka 7, na seli zinashikana kuwa mabonge ambayo munaona juu ya maji kama sombe iliyotwangwa. Hizo seli haziwezi kuingia ndani ya tundu. Zinakaa juu ya membrani na kufanya ukoko. Ukoko peke yake si msiba: mukisukuma maji safi kwa nyuma, unabanduka na kutoka.

Msiba ni uteute. Alge zinatoa kitu kinachoteleza, mchanganyiko wa aina za sukari na protini, kama ule wa bamia. Sehemu zake ni ndogo sawa na matundu yenyewe, kwa hiyo zinaingia na kunata ndani. Tena zinakuwa chakula cha bakteria, na hizo bakteria nazo zinajenga uteute wao juu ya membrani. Jaribuni jambo hili nyumbani: chujeni maji ya udongo kwa kitambaa kimoja, na uji kwa kitambaa kingine, muache vyote vikauke. Kile cha udongo mukikikunguta kinarudia kuwa kitambaa. Kile cha uji kinakuwa kama ubao. Membrani iliyochuja maji ya kijani halafu ikaachwa kukauka inafanana na kile cha uji.

Kwa hiyo mambo mawili yanafuata. La kwanza, seli ya alge isipasuke kabla haijatolewa ndani ya maji, kwa maana ikipasuka inamwaga uteute wote iliokuwa nao tumboni. La pili, uteute uliofika kwenye membrani usipewe nafasi ya kukaa.

Musitie dawa mbele ya filtri

Hapa watu wengi wanakosea kwa nia nzuri. Wanaona maji ni kijani, wanatia javeli ama vidonge vya klori ndani ya pipa, wanangojea, kisha wanapitisha kwa filtri. Klori inapasua seli za alge. Maji yanaonekana kupauka, mutu anafurahi, lakini uteute wote umeachiliwa, na filtri inaziba upesi kuliko kama asingetia kitu. Vilevile kwa dawa za shaba tunazopulizia nyanya na viazi juu ya ugonjwa wa majani. Kuna wanaozimwaga ndani ya bwawa ili kuua ukijani. Zinaua kweli, lakini zinapasua seli, zinaua samaki, na kondoo ni mnyama anayedhurika upesi sana na shaba.

Klori iko na nafasi yake: nyuma ya filtri. Maji yakiisha kuchujwa, dawa kidogo inatosha, na inalinda maji ndani ya bidoni, maana bidoni na mikono ndivyo vinavyochafua tena maji yaliyokuwa safi. Kiasi cha kidonge kimeandikwa juu ya pakiti, mukifuate hicho.

Sumu ambayo filtri haioni

Tuseme wazi, kwa sababu filtri inayofanya kazi vizuri inaweza kumdanganya mutu. Aina zingine za alge za kijani-bluu, zinazoitwa sianobakteria, zina sumu ndani yake inayoharibu maini. Seli ikiwa nzima, membrani inaizuia pamoja na sumu yake. Seli ikipasuka, sumu inayeyuka ndani ya maji na kupita kwenye matundu bila shida. Maji yanatoka meupe na bado yana sumu. Kuchemsha hakuiondoi.

Mwezi wa nane mwaka 2014, mji wa Toledo huko Marekani, wenye mtambo mkubwa wa kusafisha maji, uliwaambia watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa siku karibu tatu, kwa sababu ya sumu hii kutoka ziwa Erie. Mwaka 1996 mji wa Caruaru huko Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walikufa kisha kusafishwa damu kwa maji yaliyotoka katika lambo lenye sianobakteria. Kwetu karibu, ghuba ya Winam upande wa Kisumu inageuka kijani mara kwa mara kwa Microcystis ileile.

Mitambo mikubwa inatumia unga wa makala uliotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Makala ya jikoni si sawa nayo, musiyategemee. Kanuni yetu ni rahisi: maji yakiwa kijani kidogo, kama chai ya majani, yanaweza kusafishwa kwa njia tunazoeleza hapa. Yakiwa na utando juu, kama mutu amemwaga rangi ya nyumba, musiyachuje kwa kunywa wala kwa kuoshea vyombo vya maziwa. Mutafute chemchemi ama maji ya mvua, hata kama ni mbali. Na ngombe pia musiwanyweshe pale kwenye utando. Ngombe anakunywa juu juu, pale pale ambapo sumu imejikusanya, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ngombe akianguka bila homa kisha kunywa maji ya namna hiyo, muwaondoe wengine kwanza kwenye bwawa, kisha mumwite veterineri.

Kijani kinatoka wapi

Kinatoka nyuma ya ngombe. Mavi na mkojo vina azoti na fosfori, mbolea ileile inayofanya mahindi yawe mazuri. Ikiingia ndani ya maji yaliyosimama, yenye joto na jua, inalisha alge. Sabuni ya kufulia na udongo unaoporomoka kutoka shambani vinaongeza. Muangalie ziwa Kivu: mbolea yake nyingi imefungiwa chini sana pamoja na ile gesi, kwa hiyo maji ya juu yanabaki meupe kuliko ya Winam, ambako uchafu wa miji na mashamba unabaki juu na kulisha ukijani.

Kwa koperative ya wafugaji, hapa njo faida kubwa iko, na haihitaji vifaa vya ngambo. Ngombe asiingie bwawani. Bwawa lizungushiwe ua, na tiyo moja ishushe maji kwa mteremko mpaka kwenye birika la kunyweshea, mita kumi na tano ama zaidi chini ya bwawa. Upande wa juu, ambako mvua inateremsha mavi, mupande mkanda wa matete ama majani mengine mazito ya malisho; yanazuia udongo, yanakula mbolea, na munayakata kwa kulisha. Kila tanki ya maji ifunikwe. Alge bila mwanga haikui, kwa hiyo tanki nyeusi yenye kifuniko ni bora kuliko nyeupe inayopitisha jua.

Kuna kiongozi mmoja wa wafugaji ambaye atasema kwamba ua unakula pesa ya dawa ya kupe. Ni kweli unakula. Lakini filtri zikifa kila kiangazi, nazo zinakula, na zinakula kila mwaka.

Kuchota vizuri

Alge za kijani-bluu zinaelea. Asubuhi upepo ukiwa umetulia zinakuwa juu, kisha upepo unazisukuma upande mmoja wa bwawa. Basi muchote upande ambao upepo unatokea, na musichote juu wala chini kabisa kwenye tope. Kwa bwawa lenye kina, mufunge mdomo wa tiyo chini ya bidoni tupu lililozibwa vizuri, uning'inie karibu nusu mita chini ya uso wa maji. Bidoni linaelea, na tiyo inafuata maji hata yakipungua. Kama udongo wa ukingoni ni changarawe ya volkano, kisima kifupi kilichochimbwa mita chache kutoka bwawani kinawapa maji yaliyochujwa na ardhi yenyewe, na hiyo ni kazi ambayo filtri haitaifanya.

Kikwembe cha zamani

Mwaka 2003 watafiti walitangaza matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji 65 vya Bangladesh. Wanawake walifundishwa kukunja sari ya zamani mara nne ama zaidi na kuchujia maji ya kunywa. Kolera ilipungua karibu nusu, kwa sababu vijidudu vingi vinapanda juu ya wadudu na mimea midogo ya majini, na kitambaa kinavizuia pamoja. Kitambaa kilichofuliwa sana kilikuwa bora kuliko kipya, kwani nyuzi zake zimelegea na kuziba nafasi.

Kwetu kikwembe cha pamba kilichochakaa kinafanya kazi ileile mbele ya filtri. Kinazuia yale mabonge makubwa. Mukifue kila siku kwa maji safi na mukianike juani. Ubaya wake ni mmoja: hakizuii uteute, wala seli zilizo pekee. Kwa nyumba yenye maji ya kijani kidogo kinatosha. Kwa chumba cha fromaji kinachotumia bidoni nyingi kila siku, hakitoshi.

Pipa la changarawe, kisha la mchanga, maji yakipita polepole sana, linasaidia pia. Lifunikwe, lisipate jua, la sivyo linaota alge lenyewe.

Shabu, na jaribio la ndoo tano

Kwa koperative, dawa bora mbele ya membrani ni shabu, ile wauzaji wanaita sulfati ya alumini. Shabu haipasui seli. Inafanya seli, udongo na sehemu kubwa ya uteute vishikane kuwa mabonge na kushuka chini. Lakini kiasi kinategemea maji ya siku hiyo, kwa hiyo lazima mupime. Kiasi cha koperative ya jirani si chenu, na kile cha mwezi wa tano si cha mwezi wa saba.

Mupimishe gramu 10 za shabu katika mizani ya duka la dawa, muziyeyushe ndani ya lita moja ya maji safi. Mupange ndoo tano, kila moja na lita 10 za maji ya bwawa. Kwa seringi isiyo ya filtri, mutie mililita 10 katika ndoo ya kwanza, 20 katika ya pili, 30, 40, mpaka 50 katika ya tano. Mukoroge kwa nguvu dakika moja, kisha polepole sana dakika kumi. Ukikoroga kwa nguvu muda wote mabonge yanavunjika. Muache saa moja bila kugusa. Ndoo yenye maji meupe kwa shabu kidogo kuliko zingine njo jibu lenu. Musiongeze kwa kufikiri kwamba nyingi ni bora. Ikipita kiasi mabonge hayajengeki vizuri, na shabu inayobaki ndani ya maji inaenda kuganda juu ya membrani.

Kuna ndoo ambazo mabonge yatapanda juu badala ya kushuka. Alge ni nyepesi, jambo hilo ni la kawaida. Muondoe ya juu kwa kijiko, muchote katikati. Na maji meupe muyahamishe siku hiyo hiyo. Yale matope ya kijani yakilala ndani ya pipa usiku mzima, seli zinaanza kufa na kurudisha kila kitu ndani ya maji. Matope muyamwage mbali na bwawa.

Kuosha filtri kabla haijalia

Watu wanangojea filtri izibe ndipo waioshe. Wakati ule uteute umeisha kuingia ndani. Maji yakiwa kijani, muoshe kila siku, na zaidi kama munachuja bidoni nyingi. Munatumia seringi ama mkono wa filtri kusukuma maji kwa nyuma, kwa nguvu, mara kadhaa, mpaka yanayotoka yawe meupe. Maji ya kusukumia lazima yawe yale yaliyochujwa tayari. Mukisukuma maji ya bwawa kwa nyuma, munaingiza uchafu upande safi, na hakuna njia ya kuutoa tena.

Muweke daftari karibu na filtri. Siku ya kwanza mupime dakika ngapi zinajaza chupa ya lita moja, muandike. Kisha kila juma mupime tena. Muda ukiongezeka kwa theluthi, muoshe mara nyingi zaidi na muangalie mbele: huenda kikwembe kimepasuka ama kiasi cha shabu kimebadilika. Ukiongezeka mara mbili, kuosha kwa maji peke yake hakutoshi. Muangalie karatasi ya filtri. Kama inaruhusu klori, mutie kifuniko kimoja cha javeli isiyo na manukato ndani ya lita moja ya maji safi, muache filtri ilowe humo nusu saa, kisha muisukume kwa maji safi mpaka harufu iishe. Javeli inakata uteute. Kama ni chokaa iliyoganda, siki njo inasaidia, lakini siku nyingine kabisa: javeli na siki vikikutana vinatoa gesi inayochoma mapafu. Kuna membrani zinazoharibiwa na klori, kwa hiyo ile karatasi musiitupe.

Na filtri iliyokuwa inavuja polepole ikianza ghafla kukimbia, musifurahi. Uzi umekatika ndani. Maji yanapita bila kuchujwa, na hiyo filtri isitumiwe tena kwa kunywa.

Njia nyingine: polepole bila kuosha

Taasisi ya maji ya Uswisi inayoitwa Eawag ilitangaza mwaka 2010 jambo ambalo mafundi wengi hawakulitazamia. Ukiacha maji yashuke juu ya membrani kwa uzito wake tu, kutoka kimo cha karibu nusu mita mpaka mita moja, bila kuosha kamwe, mtiririko unapungua siku za kwanza, kisha unasimama palepale kwa miezi. Wadudu wadogo sana wanaishi ndani ya ule uteute, wanaula na kuutoboa, na maji yanapita kwenye hayo matobo. Membrani ya mita moja ya mraba inatoa lita 4 mpaka 10 kwa saa, yaani karibu lita 100 mpaka 240 kwa siku. Vibanda vya maji vya namna hiyo vilijengwa katika vijiji vya mashariki ya Uganda, kando ya ziwa Viktoria.

Njia hii inataka membrani pana na subira, na dawa ya klori haiwekwi mbele yake kamwe, kwa maana itaua wale wafanyakazi wadogo. Kwa chumba cha fromaji chenye tanki inayojaa usiku, ni njia ya kufikiria. Kwa nyumba yenye filtri ndogo ya seringi, muendelee kuosha.

Mvua zikirudi mwezi wa tisa na chemchemi zikijaa, wengi watafunga filtri zao. Kabla ya kufunga, muisukume kwa maji safi mpaka iwe nyeupe, muiloweshe javeli kama karatasi inaruhusu, muisuuze, na mufuate karatasi hiyo juu ya kama inawekwa ikiwa na maji ndani ama imekaushwa kabisa. Filtri iliyofungwa na uteute wa mwezi wa nane haitafunguka mwezi wa sita unaofuata.